Kisomaji au Kitabu cha Karatasi? Anza na Lugha Unayosomea

Nimepoteza vitabu vya aina zote mbili, ndiyo maana nathubutu kuvilinganisha.

Vya kwanza vilikuwa vya karatasi. Kabati la baba, nyumbani Tanga, liliegemea ukuta unaopakana na bafu, na kwa miaka mingi hakuna aliyelisogeza. Siku tulipolisogeza ili tupake rangi, tukakuta njia ya udongo ya mchwa imepanda kutoka sakafuni mpaka rafu ya tatu. Kwa mbele vitabu vilikuwa vimesimama vizuri, migongo mizima, majina yanasomeka. Nikavuta kimoja, likaja jalada tupu. Ndani palikuwa na udongo uliokaa kwa umbo la kitabu. Tulihesabu 27 siku ile. Baba alikuwa na desturi ya kuandika kwa penseli, kwenye ukurasa wa mwisho, mahali na mwaka alipomaliza kukisoma: Korogwe 1979, Muheza 1984. Maandishi hayo nayo yakaliwa.

Vya pili vilikuwa ndani ya kisomaji changu cha kwanza, kile kifaa cha kusomea vitabu ambacho wengi wetu tunakiita Kindle hata kama kimetengenezwa na kampuni nyingine. Nilikuwa Dar, ndani ya basi la asubuhi, mkoba umebanwa kati ya mgongo wangu na nguzo ya chuma. Nilipokitoa, kioo cha juu hakikuwa na hata mkwaruzo, lakini ukurasa ulikuwa umeganda. Nusu ya juu ilionyesha aya niliyoiacha usiku uliotangulia, nusu ya chini ilijaa mistari myeusi. Nilizima, nikawasha, nikachaji usiku kucha. Aya ile haikuondoka. Ipo mpaka leo, kifaa kikiwa kwenye droo bila chaji yoyote.

Kilichofuata ndicho kinachotofautisha mambo. Nilipopata kisomaji kingine niliingiza anwani yangu ya barua pepe na neno la siri, na robo saa haikwisha vitabu vyangu vyote vikawa vimerudi, na kila kimoja kimefunguka pale nilipoishia. Vile 27 vya Tanga nimekuwa nikivitafuta tangu siku ile. Nimepata 11. Vingine havichapwi tena, na hakuna anwani wala neno la siri la kuvirudisha.

Kwa hiyo mtu akiniuliza, "Ninunue Kindle au niendelee na vitabu vya kawaida?" simjibu mara moja. Kwanza namuuliza anasoma kwa lugha gani. Kwetu sisi jibu la swali hilo linaamua mambo mengi kuliko bei na kuliko macho.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini

Kisomaji si kishikwambi, wala si simu kubwa. Kioo cha simu huwaka chenyewe na kukupiga mwanga usoni. Kioo cha kisomaji kina wino wa kielektroniki: vijifuko vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na ndani ya kila kimoja mna chembe nyeusi na chembe nyeupe zenye chaji zinazopingana. Umeme ukipita, nyeusi hupanda na nyeupe hushuka, au kinyume chake, na herufi ikajichora. Ikishajichora inabaki pale bila kuhitaji umeme tena, ndiyo maana aya yangu bado ipo kwenye droo. Kazi hii ilianzia maabara ya chuo kikuu cha MIT kule Marekani, na kampuni ya E Ink ikaundwa mwaka 1997. Sony walitoa kisomaji cha wino huo Japani mwaka 2004. Kindle ya kwanza, ya kampuni ya Amazon, ilitoka Novemba 2007, bei yake dola 399.

Kwa msomaji hii ina maana mbili. Ya kwanza ni kwamba unasoma juani. Kaa ufukweni saa sita mchana: simu inageuka kioo cha kujitazamia, kisomaji kinazidi kusomeka, sawasawa na karatasi. Ya pili ni chaji. Watengenezaji huandika kwamba betri inadumu wiki sita, lakini soma maandishi madogo: ni kwa mtu anayesoma nusu saa kwa siku, mtandao ukiwa umezimwa. Piga hesabu, ni saa 21 za kusoma. Kwa msomaji wa kweli hizo ni wiki moja na nusu, labda mbili. Hata hivyo umeme ukikatika siku tatu mfululizo hutakuwa na wasiwasi, na vyenye taa ya ndani vitakuwezesha kusoma gizani huku jirani yako wa kitabu cha karatasi akitafuta mshumaa.

Nasisitiza tofauti na kishikwambi kwa sababu watu wengi huambiwa kwamba vifaa hivi vinaharibu usingizi. Utafiti unaotajwa sana, uliochapishwa Marekani mwishoni mwa 2014, ulitumia iPad, yaani kioo kinachowaka chenyewe. Taa ya kisomaji imewekwa pembezoni na inaumulika ukurasa, jinsi taa ya mezani inavyomulika kitabu. Unaweza kuipunguza mpaka ikafifia kabisa.

Lugha

Hapa ndipo ninapotaka kukaa.

Ukisoma Kiingereza, kisomaji ni maktaba ambayo hakuna duka la Samora wala la Nairobi linaloweza kushindana nayo. Mradi wa Gutenberg, ulioanzishwa na Michael Hart mwaka 1971, unatoa bure vitabu zaidi ya 70,000 ambavyo haki zake zimekwisha muda. Riwaya iliyotoka London leo asubuhi unaipata jioni hii ukiwa Songea. Zamani ungengoja mtu anayesafiri, umpe jina la kitabu kwenye kikaratasi, umwombe Mungu asisahau.

Ukisoma Kiswahili, mambo yanageuka. Niliketi siku moja nikaandika orodha ya riwaya, tamthilia na diwani tulizosoma sekondari, zile zinazotufanya tujione tuna fasihi yetu, nikazitafuta moja moja kwenye duka la Kindle. Karibu zote hazimo. Nilichokuta kwa Kiswahili ni vitabu vya kujifunzia lugha kwa wageni, hadithi fupi fupi ambazo waandishi wamejichapishia wenyewe, na tafsiri nyingine ambazo ukisoma ukurasa mmoja unajua hakuna Mswahili aliyezipitia.

Sisemi kwamba hakuna kinachofanyika. Wachapishaji kama Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wana baadhi ya vitabu vyao kwa nakala laini, na eKitabu ya Nairobi inauza vitabu vya shule kwa muundo wa EPUB, yaani faili la kitabu ambalo mistari yake hujipanga upya ukikuza herufi. Kwa watoto kuna African Storybook, mradi ulioanza 2014 Afrika Kusini, wenye hadithi za Kiswahili unazoweza kusoma kwenye simu au kuzichapa bila kulipa senti. Lakini fasihi ya watu wazima ya Kiswahili, ile ya miaka ya 60 mpaka 90, bado inakaa kwenye karatasi. Inakaa kwa wauzaji wa vitabu vilivyotumika wanaotandika kando ya barabara, kwenye makabati ya walimu wastaafu, kwenye rafu za Maktaba Kuu pale Barabara ya Bibi Titi. Anayenunua kisomaji akitegemea kusoma Kiswahili atajikuta amenunua kabati zuri lisilo na kitu ndani.

Hapo wengi hunijibu, "Lakini PDF zipo." Ni kweli, zipo, zinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram. Nina mambo mawili ya kusema kuhusu hizo. La kwanza ni la haki: mwandishi wa Kiswahili hapati hata shilingi, na mchapishaji aliyechapa nakala elfu mbili akauza mia nne hatachapa tena. Tukilalamika kwamba vitabu vyetu vinapotea, tujue tunashiriki kuvipoteza. La pili ni la kawaida tu. PDF hizo mara nyingi ni picha za kurasa zilizopigwa kwa simu. Kisomaji hakijui kwamba pale pana maneno, kinaona picha. Huwezi kukuza herufi ili mistari ijipange upya. Kioo cha inchi sita kina upana wa sentimita 9 hivi, kwa hiyo ukurasa mzima unabanwa humo mpaka herufi zinakuwa kama chawa. Ukivuta ukubwa, unasoma nusu mstari, unasukuma, unasoma nusu nyingine. Nimejaribu. Sikuvuka sura ya pili.

Kuna jambo jingine ambalo sijaona likitajwa. Sifa kubwa ya visomaji ni kamusi: unabonyeza neno, maana inatokea. Kwa Kiingereza ni raha tupu, na kwa mwanafunzi anayejifunza lugha hiyo peke yake ni mwalimu anayekaa naye usiku. Lakini Kiswahili hujenga neno kwa kuanzia mbele. Bonyeza "hawakumwelewa" na kifaa kitatafuta neno linaloanza na H. Kamusi ya Kiswahili Sanifu inaliweka kwenye E, chini ya "elewa". Mtoto wa darasa la sita anajua kuvua viambishi hivyo mpaka akafika kwenye mzizi, kifaa hakijui. Kwa hiyo hata ukifanikiwa kukipakia kamusi ya Kiswahili, itakusaidia kwenye nomino chache na kukuacha njiani kwenye kila kitenzi.

Kazi yangu ni kufasiri, na siku zangu zimegawanyika hivyo hivyo. Matini ya Kiingereza ninayoifasiri huwa kwenye kisomaji, kwa sababu naweza kutafuta kila mahali neno fulani lilipotumika na nikahakikisha nimelifasiri kwa namna moja. Kushoto kwangu iko kamusi ya karatasi, nzito, jalada limeunganishwa kwa gundi mara mbili, na vitabu vitatu vinne vya Kiswahili ninavyovifungua kila ninapotaka kusikia namna watu wa pwani wanavyoiweka sentensi.

Hesabu ya fedha

Kindle ya kawaida ya mwaka 2024 iliingia sokoni Marekani kwa dola 109.99, na Paperwhite, toleo la juu yake, kwa dola 159.99. Hizo ni bei za kule. Mimi, nikijumlisha usafiri na kifuniko, nilitoa karibu shilingi 420,000 mpaka kikafika mkononi. Tuichukue hiyo iwe mfano.

Riwaya mpya ya Kiingereza iliyoagizwa kutoka nje nimekuwa nikiinunua Dar kwa shilingi 50,000 hivi. Nakala yake laini mara nyingi ni nusu ya hapo. Kila kitabu kinaokoa 25,000, kwa hiyo kisomaji kinarudisha fedha yake baada ya vitabu 17. Anayesoma kimoja kwa mwezi atangoja karibu mwaka mmoja na nusu. Anayesoma kimoja kila baada ya miezi mitatu atangoja zaidi ya miaka minne, na huenda kifaa kikafa kabla ya hapo. Anayesoma zaidi vile vya bure vya Gutenberg anaanza kufaidi mapema sana.

Riwaya ya Kiswahili ninainunua kati ya shilingi 10,000 na 18,000, na iliyotumika hata 3,000 ukiwa mwepesi wa kupatana. Hapo kisomaji hakiokoi chochote. Shilingi 420,000 ni vitabu 30 vya Kiswahili, vipya, unavyoweza kuvipanga sebuleni na watoto wakavikuta.

Usisahau malipo. Maduka ya nje ya nakala laini kwa kawaida yanataka kadi kama Visa au Mastercard. Wasiokuwa na kadi ya benki sasa wanaweza kutumia ile ya mtandaoni inayotengenezwa ndani ya M-Pesa, lakini jaribu kwanza kabla hujanunua kifaa. Na fikiria matengenezo. Kariakoo kuna mafundi watakaobadilisha kioo cha simu ukiwa umesimama hapo hapo. Kioo cha wino wa kielektroniki ni kisa kingine. Nyuma ya kile unachokigusa pana bamba jembamba la kioo, na hilo ndilo huvunjika likikandamizwa, ndiyo maana changu kilionekana kizima kwa nje. Mafundi watatu walikigeuzageuza wakanirudishia, kipuri hawana. Nunua kifuniko kigumu siku ile ile unayonunua kifaa.

Macho ya baba

Baba aliacha kusoma miaka michache baada ya kustaafu. Hakutangaza, aliacha tu. Miwani ilikuwepo, lakini kitabu cha herufi ndogo kilimchosha kwa dakika kumi, akawa anasikiliza redio. Sikuliona kwa muda mrefu, na jambo hilo bado linaniuma.

Nilimpelekea kisomaji nikiwa na shaka. Nikamkuzia herufi mpaka ukurasa mzima ukawa na maneno kama sitini, nikampa. Alikishika kwa mikono miwili kama sahani. Akasoma ukurasa wa kwanza, akagusa, ukabadilika, akasoma wa pili. Kisha akakigeuza nyuma, akakitazama ubavuni.

"Mwanangu, mwisho wake uko wapi?"

Nikamwonyesha pale chini panapoandikwa asilimia. Akatikisa kichwa. Alitaka kuona kwa kidole gumba amekula kiasi gani na amebakiwa na kiasi gani, jinsi alivyozoea tangu akiwa kijana. Asilimia haikumwambia kitu. Lakini aliendelea, na alasiri ile alisoma saa mbili mfululizo kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Kwa mzee mwenye macho yaliyochoka na anayesoma Kiingereza, sijui kitu kingine kinachoweza kufanya hivyo. Vitabu vya herufi kubwa kwa karatasi hapa kwetu ni vichache mno, ukiacha misahafu na Biblia.

Alichokilalamikia ni kile kile: alitaka riwaya za Kiswahili za zamani, zile zilizoliwa. Sikuwa nazo za kumwekea humo.

Kuelewa na kukumbuka

Swali la baba kuhusu mwisho wa kitabu lina uzito kuliko linavyoonekana. Mwaka 2019 Anne Mangen wa Chuo Kikuu cha Stavanger, Norway, pamoja na wenzake, walichapisha utafiti ambamo watu 50 walisoma hadithi ndefu ile ile ya kurasa 28, nusu yao kwenye karatasi na nusu kwenye Kindle. Katika maswali mengi makundi hayo mawili yalilingana. Lakini walipoulizwa tukio gani lilitangulia na lipi lilifuata, waliosoma karatasi walifanya vizuri zaidi. Watafiti wanadhani mikono inasaidia: unene wa kurasa za kushoto ukiongezeka na za kulia ukipungua, mwili unajua uko wapi ndani ya hadithi.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, watafiti wa Valencia, Hispania, na wa chuo cha Technion, Israeli, walikusanya tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000. Waliona kwamba kwa matini za maarifa, hasa msomaji akiwa amebanwa na muda, karatasi inashinda skrini. Kwa hadithi hawakuona tofauti. Uchambuzi huo ulihusu skrini za kila aina, si visomaji pekee, kwa hiyo usiuchukue kama hukumu juu ya Kindle. Mzazi wa mtoto wa kidato cha nne, hata hivyo, aufikirie. Kitabu cha fizikia, cha historia, cha uraia, mnunulie cha karatasi. Mwanafunzi anarudi nyuma kurasa kumi kutazama mchoro, anaweka kidole pale, anaendelea mbele, anarudi tena. Kwenye kisomaji kazi hiyo ni ya taabu, michoro inakuwa midogo, na vingi bado ni vya rangi nyeusi na nyeupe tu. Vya rangi vimeanza kuja, Amazon na kampuni shindani ya Kobo wote walitoa mwaka 2024, lakini bei yake ni kubwa zaidi na rangi zenyewe zimefifia kama gazeti lililokaa dirishani.

Riwaya unayoisoma kwa starehe ndani ya basi ni jambo jingine. Hapo kisomaji cha gramu 158 unachokishika kwa mkono mmoja, huku mwingine umeshika bomba, kinashinda bila ubishi.

Ni chako kweli?

Kitabu cha karatasi ukishakilipia, muuzaji hana neno tena. Nakala laini ni ruhusa ya kusoma. Julai 2009 Amazon walifuta kwa mbali, kutoka kwenye Kindle za wateja waliokwisha kulipa, nakala za vitabu viwili vya George Orwell baada ya kugundua kwamba aliyeviuza hakuwa na haki. Waliwarudishia fedha na wakaomba radhi, lakini watu waliamka wakakuta kitabu hakipo. Mwezi Februari 2025 waliondoa pia njia ya kupakua vitabu ulivyonunua kwenye kompyuta na kuvihamisha kwa waya. Kwa anayetaka nafasi zaidi, visomaji vya Kobo husoma EPUB moja kwa moja, na unaweza kununua kwenye maduka mbalimbali. Kindle nayo hupokea EPUB zako mwenyewe tangu 2022 ukizituma kwa njia ya Amazon.

Kwetu, lakini, umiliki unajulikana zaidi kwenye kuazimana. Hesabu vitabu vilivyokubadilisha, kisha ujiulize ni vingapi ulivinunua mwenyewe. Mimi vingi niliazimwa. Mwalimu alinipa, binamu alinipa, jirani aliyekuwa akihama alituachia katoni nzima. Kitabu kimoja cha Kiswahili hapa mjini husomwa na watu watano, sita, mpaka jalada linang'oka. Kisomaji hakiwezi hivyo. Ukitaka kumwazima mtu kitabu kimoja, unamwazima vyote mia mbili pamoja na anwani yako ya barua pepe. Ukifa, watoto wako hawagawani kilichomo.

Baba ameanza upya ile desturi ya penseli. Vile 11 nilivyompatia ameviandika: Tanga, mwaka, na mara nyingine jina la mjukuu aliyemsomea ukurasa macho yalipochoka.

Kama unaamua wiki hii

Ikiwa unasoma Kiingereza, Kifaransa au Kiarabu zaidi ya vitabu kumi kwa mwaka, unasafiri sana, au una mzazi ambaye macho yamemchoka, nunua kisomaji. Toleo la kawaida linatosha; pesa ya ziada iweke kwenye kifuniko. Ikiwa unasoma Kiswahili zaidi, au unawanunulia watoto, chukua fedha ile ile uende nayo duka la vitabu, na usiache kuzungumza na wale wa kando ya barabara, maana wakijua unachotafuta watakutafutia. Ikiwa uko kama mimi, huku na huku, kinunue kisomaji kwa vile vya kigeni ambavyo usingevipata vinginevyo, na acha rafu iwe ya Kiswahili.

Kabati lisogeze hata mara mbili kwa mwaka. Liache na nafasi ya kiganja kutoka ukutani, hasa pwani ambako unyevu huleta ukungu kwenye kurasa kabla hata mchwa hawajafika, na vitabu usivibane sana, hewa ipite.

Ukinunua kisomaji kilichotumika, usimpe mtu fedha kabla hajaondoa akaunti yake mbele yako. Mwambie afungue mipangilio, afute usajili, kisha wewe uingize anwani yako na ushushe kitabu kimoja cha bure palepale. Gusa kioo pembe zote nne, geuza kurasa ishirini, utazame kama kuna mstari mweusi unaobaki. Kikipita hapo, lipa.